Skrubu Niliyoitia Gundi

Nimerudi Mtwapa, hii ni wiki ya tatu, na kila nikikaa na nyinyi swali ni lile lile: Katana, mbona umerudi na sanduku la vyombo vya kazi na hutaki kulifungua? Mmoja kasema nimefukuzwa na wenyewe, mwingine kasema ni mwanamke. Nimeamua kuandika, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo mtanikatiza katikati mnipe pole, na pole sizitaki. Someni mpaka mwisho, halafu kila mtu abaki na lake.

Nilivyoingia Uganda, vibali, mabasi, hayo nayaruka. Mnajua kwamba miaka tisa nilikuwa Ggaba, mwalo wa kushushia samaki pembeni mwa Kampala, natengeneza injini za boti. Sisi tuliojifunzia kwenye maji ya chumvi tuna kiburi chetu, na kule kilinikolea. Watu waliniita Fundi wa Bahari na mimi nikaitika. Safari ninayotaka kuwaambia haikuzidi siku moja, lakini ndiyo ndefu kuliko zote nilizowahi kwenda.

Pipa la Ggaba

Nianze na Afande Okello. Alikuwa sajini mstaafu, Mwacholi, mrefu, tumbo limemtangulia. Jeshini alitoka na goti bovu na Kiswahili cha kambini, kile kisichojua ngeli wala hakina haja nazo. Alikaa Nsambya kwenye nyumba za polisi, kwa binti yake Aber, ambaye ni konstebo. Mkewe ni Mnubi wa Bombo, Mwislamu, yeye Mkatoliki, rozari ilining'inia ukutani na mswala umekunjwa chini yake, na sikuwahi kusikia ugomvi wa dini nyumba ile. Jumapili nilikula kwao. Mwaka wangu wa kwanza nilipolazwa na malaria, sina ndugu wala jamaa, yeye ndiye aliyekuwa anakuja na uji kwenye chupa ya chai. Sasa mnajua namzungumzia mtu gani.

Alikuwa na boti moja ya mbao na injini moja ya mipigo miwili, zile ambazo petroli inachanganywa na oili. Nahodha wake alikuwa Mganda tuliyemwita Ssalongo, jina wanalopewa kule baba wa mapacha. Jina lake la kuzaliwa silijui mpaka leo.

Kwa ambao hawajawahi kushika injini, nieleze mara moja. Kabureta ina skrubu mbili ndogo. Ya kwanza inaishikilia injini isizime unapoachia mkono, inapokuwa inanguruma tu polepole, hali ambayo sisi mafundi tunaiita sailensi. Ya pili inapima petroli iingie kiasi gani kwenye huo mngurumo wa polepole. Kwenye injini ya Okello, ukiifunga ile ya pili petroli inapungua, ukiifungua inaongezeka. Kuirekebisha ni kazi ya masikio. Injini iwe imeshika moto, iwe majini, iwe kwenye gia, na boti iwe na watu ndani. Unafunga kidogo kidogo mpaka uisikie inaanza kukohoa, halafu unarudi nyuma, unaiacha imeshiba. Ndivyo nilivyofundishwa hapa hapa, kwenye mkono huu wa bahari mnaouona kila siku.

Sasa Ggaba wana desturi yao. Nahodha anapenda skrubu iwe wazi, injini iwake kwa mvuto mmoja. Mwenye boti anaona petroli inateketea, anataka ifungwe. Nahodha akifika majini anafungua, akirudi, mwenye boti anafunga, ugomvi hauishi. Mafundi wa pale wakapata dawa: mwenye boti anakuja, skrubu inafungwa mbele ya macho yake, kisha inapakwa gundi ya chuma, ile ya mirija miwili, ambayo ikikauka ni jiwe. Mwaka wa kwanza niliwacheka. Mwaka wa pili nikawa naifanya. Baadaye watu wakawa wananifuata mimi, kwa sababu gundi yangu haikuwahi kubanduka.

Boti ya Okello ilikuwa imepandishwa nchi kavu kuzibwa na kupakwa rangi, kwa hiyo injini nilikuwa nimeifunga kwenye kigogo, mguu wake umezama kwenye pipa la maji. Okello kasimama nyuma yangu, mikono mgongoni, kama anakagua gwaride.

"Funga," akasema.

"Afande, hapa panatosha. Ikiingia kwenye gia na mzigo itazima."

"Wewe funga. Hii kitu inakunywa kuliko mimi wakati nilikuwa kijana."

Nikacheka, nikafunga robo mzunguko. Akasema bado. Nikafunga tena. Injini ikaanza kupiga chafya kupitia kabureta, dalili ya njaa, kila fundi anaijua. Badala ya kurudi nyuma nikaongeza ile skrubu ya kwanza, mngurumo ukapanda, chafya ikafichika. Hiyo ni hila, haiponyi kitu. Ndani ya pipa, bila gia, bila mzigo, injini ilisikika safi kabisa. Okello akanipiga bega. Nikachanganya gundi nikazipaka skrubu zote mbili, maana mimi sifanyi kazi nusunusu.

Boti iliporudi majini Ssalongo alinijia mara mbili. "Fundi, ssebo, nikitaka kwenda pore pore, injini inakufa." Nikamwambia ajifunze kuegesha. Nilimwambia mbele ya watu, na watu wakacheka.

Ggaba hadi kisiwani

Okello alikuwa ameenda kisiwa kimoja cha mbali, kwa boti ya jirani, kuangalia mahali pa kuanikia dagaa, wale wanaowaita mukene. Alfajiri moja akanipigia simu. Mtu huyu alikuwa na ngiri miaka na miaka. Ikitoka anairudisha kwa kiganja huku anapiga hadithi, na tukimwambia akapasuliwe anasema kisu cha adui kilimkosa, cha daktari hatakipa nafasi. Siku hiyo sauti ilikuwa nyembamba.

"Fundi, kuja chukua mimi. Hii kitu imetoka tangu saa nane usiku, imekataa kurudi. Naona vibaya."

Boti za kule zenye injini zilikuwa zimeenda kuvua na hazijarudi. Nikamwamsha Ssalongo. Nikampigia Aber, akasema atatusubiri kwenye hospitali iliyo juu ya kilima chao, na akaniuliza tutafika saa ngapi. Nikapiga hesabu: kwenda saa tatu na nusu, kurudi vivyo hivyo. Nikamwambia kabla ya saa tisa mchana baba yako yuko mikononi mwa madaktari. Nilisema hivyo kwa kujiamini kabisa.

Saa kumi na mbili tulikuwa tumeondoka. Ziwa lilikuwa limetulia, rangi ya chai ya maziwa, na injini ikifunguliwa mkono wote iliimba. Nataka mwelewe jambo hili: kwa mwendo mkubwa zile skrubu mbili hazina kazi. Injini inaweza kuwa na njaa kwenye sailensi na bado ikakimbia kama farasi. Kwa hiyo saa tatu nzima nilikaa na fahari yangu. Nikamwambia Ssalongo, "Sikia hiyo." Akaitikia "kale", yaani sawa.

Tulipofika akapunguza mwendo ili aingie mwaloni, injini ikazima palepale. Tukasukumwa na maji mpaka kwenye mawe, ubavu wa boti ukakwaruzwa, wanaume wawili wakaingia majini kutuvuta. Ssalongo akanitazama. Mimi nikajifanya natafuta viatu vyangu.

Uji wa Mama Furaha

Okello alikuwa amelazwa kwenye kibanda cha chakula cha mama mmoja Mkongo, Mama Furaha, mwanamke mwenye huruma na mkono mzito wa sukari. Usiku kucha alikuwa amemkanda tumbo kwa kitambaa cha moto na kumlisha uji apate nguvu. Kila alichokula alikitapika, na kila alipotapika alipewa kingine. Hakuna aliyejua kwamba mtu ambaye utumbo wake umenyongwa hapewi kitu mdomoni. Mimi pia sikujua, nilimsifu yule mama.

Nilipofunua shuka nikaona uvimbe pale kwenye kinena, umekaza, rangi yake imeanza kuiva vibaya. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka masikioni.

"Fundi wa Bahari," akasema. "Injini inakunywa namna gani sasa?"

"Inakunywa kidogo sana, Afande."

"Mimi niliambia wewe."

Nikasema tuondoke. Mama Furaha akasimama mlangoni. Kwao, akasema, anayekuja kuchukua mgonjwa akaondoka bila kula amekuja kuchukua maiti. "Munataka kumuletea bahati mubaya? Mukae. Samaki iko motoni." Wazee wa pale wakamuunga mkono. Okello mwenyewe akapunga mkono kwamba tule, tusimvunje moyo mama wa watu. Tukakaa. Sangara alikuwa bado mgumu, posho, ugali wao, haijasongwa, moto wenyewe wa kuni mbichi. Tulikula haraka haraka tukaungua midomo, na bado tulipomaliza ilikuwa saa tano inakaribia. Yule samaki alikuwa mtamu. Nilimaliza sahani, na hilo linanikera mpaka sasa.

Upepo wa nyuma

Tulimlaza kwenye godoro katikati ya boti, kichwa kwenye mapaja yangu, koti lake la jeshi limemfunika. Saa nzima ya kwanza ilienda vizuri. Kisha upepo ukaanza kutoka kusini, nyuma yetu, na mawimbi yakanyanyuka.

Mnaokwenda majini mnajua. Wimbi likitoka nyuma, boti inapanda juu yake, halafu inateremka kwa kasi yake yenyewe. Hapo lazima nahodha apunguze, la sivyo pua inachimba kwenye wimbi la mbele. Ssalongo akapunguza, na injini ikazima. Boti ikageuka ubavu, maji yakaingia ndoo mbili tatu, Okello akapiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Ssalongo akavuta kamba mara saba ndipo ikawaka. Wimbi lililofuata aliogopa kupunguza, tukaliparamia, boti ikatua kwa kishindo na Okello akauma mkono wa koti.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Tukipunguza, inazima. Tusipopunguza, mgonjwa anapigwa kama nguo juu ya jiwe. Hakukuwa na mwendo wa katikati, na mwendo wa katikati ndio pekee tuliouhitaji.

Injini ilipozima mara ya tano Okello alifumbua macho.

"Ni ile kitu tulifunga?"

Nikamwambia, "Hapana, Afande. Ni upepo."

"Kumbe upepo," akasema, akafumba tena.

Ssalongo alisikia. Alikuwa na kamba mkononi, anahema, viganja vimechubuka. Akasema kwa upole, "Fundi, fungua hiyo sukurubu." Nikatoa kifuniko. Gundi yangu ilikuwa pale inang'aa, laini, kazi nzuri. Nilikuwa na bisibisi, haikushika kitu, mdomo wa skrubu umejaa gundi. Nikatumia kisu kuichokoa huku boti inayumba na petroli inanirukia machoni. Ikabanduka punje kwa punje. Nilipopata kamfereji kidogo nikaingiza bisibisi nikakaza mkono, na kichwa cha skrubu kikakatika. Shaba ni laini. Kipande kikaanguka majini, kilichobaki kimezama ndani ya kabureta, na hapo hata malaika angeshuka asingeweza kuifungua.

Nikamwambia Ssalongo avute choki nusu, ile inayobana hewa, aishikilie hapo, injini inywe kwa nguvu. Ilikubali. Robo saa tulikwenda polepole, Okello akatulia, nikaanza kuomba Mungu kwa lugha ya nyumbani. Kisha plagi zikalowa na injini ikafa kabisa. Nikazifungua, nikazifuta kwa fulana, nikazipuliza, nikazirudisha, zikalowa tena. Mawimbi yanatuyumbisha, vidole vimelowa petroli, plagi moja ikanidondoka, nikaitafuta ndani ya maji machafu ya boti kwa magoti. Zilipotea saa mbili hapo. Sikuwa na haja ya saa kuzihesabu, nilikuwa naona uso wa Okello unavyobadilika.

Wakati huo ndipo tulipoona mitumbwi miwili ya wavuvi, mmoja ukiwa na injini. Karibu kabisa, naona kofia zao. Nikalitwaa koti la Okello, nikalifunga kwenye kasia, nikalipunga juu. Walitutazama kitambo, wakasimama. Halafu wote kwa pamoja wakaanza kuvuta nyavu kama wamechomwa moto, wengine wanazikata kwa panga, wakakimbia. Mimi napunga, wao wanakimbia. Sikuelewa kitu.

"Shusha koti," Ssalongo akasema. "Wanaona askali wa doria. Nyavu zao za matundu madogo, ni haramu."

Koti lilikuwa la madoadoa ya jeshi. Nilikaa kati ya watu wale wale miaka tisa, nawatengenezea injini, najua jinsi wanavyoogopa nguo ile ziwani, na bado ndiyo niliyoipandisha. Nikavua fulana yangu nyeupe nikaipunga, lakini walikuwa wameshakuwa nukta.

Okello hakuwa anapiga kelele tena. Alisema maumivu yamepungua, anajisikia afadhali. Nilifurahi. Daktari alinieleza baadaye kwamba hapo ndipo utumbo ulipokuwa unakufa.

Magugu

Injini iliwaka tena ilipojisikia, na tukaenda kwa kishindo mpaka tukaingia ghuba ya Kampala, upepo ukakatika. Jua lilikuwa limeinama upande wa Ggaba. Nikaona mapaa ya soko, moshi wa samaki, nikasikia hata muziki. Nikamwambia Okello, "Afande, tumefika." Akasogeza midomo.

Magugu maji yalikuwa yamesukumwa na upepo ule ule yakafunga mwalo, zulia la kijani kutoka gatini hadi mbali. Kupita kwenye magugu kunataka utulivu: gia, mwendo mdogo kabisa, unasimama, unarudi nyuma kuisafisha propela, unasonga tena. Injini yangu haikuwa na mwendo mdogo. Ssalongo alijaribu kuingia kwa kasi, propela ikajisokotea mizizi, ikazima. Akasafisha, akawasha, akatia gia, ikazima. Akaweka kamba chini, akachukua kasia. Mimi nikang'oa ubao wa kukalia nikawa napiga nao.

Kutoka pale hadi nchi kavu mtu angeweza kutupa jiwe mara tatu likafika. Tulitumia karibu saa nzima. Watu walikuwa wamekaa na chupa zao wanakula samaki wa kukaanga, wanatutazama, mmoja akatupungia mkono. Nilipiga ukelele kwamba tuna mgonjwa, muziki ukameza sauti. Mwishowe wachukuzi wawili wa samaki wakaelewa, wakaja juu ya mbao walizozitandaza kwenye magugu, wakatupa kamba wakatuvuta. Watu wa Ggaba wana roho, msiwahukumu kwa muziki.

Ggaba hadi Nsambya

Tulipata pikapu ya kubebea samaki, ina barafu iliyobaki na harufu yake. Nikakaa nyuma na Okello, Ssalongo akabaki na boti. Barabara ya Ggaba saa kumi na mbili jioni imefungana, kila mtu anatoka kazini. Dereva alipiga honi mpaka mkono ukachoka. Pale Kabalagala tulisimama kwa muda mrefu kando ya mama anayechoma ndizi gonja, na Okello akageuza shingo akaiangalia ile ndizi kwa makini sana.

Akasema, "Katana." Hakuwahi kuniita kwa jina. "Upepo ilikuwa mingi, eh?"

"Ilikuwa mingi, Afande."

Aber alikuwa getini, kavaa sare, amesimama tangu saa nane. Madaktari walimpokea papo hapo, sina neno na mtu yeyote wa kilima kile, walikimbia naye. Machela ilipokuwa inasukumwa Okello alimshika binti yake mkono na wakaongea Kiacholi, maneno machache, mimi niko nyuma nimebeba koti.

Walimpasua jioni ile ile. Daktari, kijana mwenye macho mekundu, alitoka akatueleza bila kuzungukazunguka. Sehemu kubwa ya utumbo ilikuwa imeoza. Sumu imeshaingia kwenye damu. Akauliza tuliondoka kisiwani saa ngapi, nikamwambia. Akatazama saa yake, akatazama chini, akasema mngefika mchana ingekuwa habari nyingine. Aber akaniuliza, "Anko, mlichelewa na nini?"

Nikasema, "Upepo."

Afande Okello aliishi siku mbili. Siku ya tatu, adhuhuri, mkewe akiwa msikitini na Aber kazini, alikufa mimi nikiwa nimetoka kununua maji.

Nyuma ya nyumba za polisi

Kabla ya kumsafirisha kwenda kwao kaskazini, msiba ulikuwa Nsambya. Hema likafungwa kati ya nyumba na nyumba. Upande mmoja rozari, upande mwingine wanawake wa Kinubi wanamsomea dua, watoto wa askari wanazunguka katikati. Mimi nikatengewa kiti mbele, karibu na familia. Kila aliyekuja alionyeshwa mimi kwa kidole: huyu ndiye aliyemfuata ziwani. Wazee wa jeshi wakanipa mkono mmoja mmoja, wamekakamaa. Mmoja akasimama akahutubia kwamba Mkenya huyu alipigana na upepo kutwa nzima kumleta ndugu yetu, ndugu wa damu asingefanya zaidi. Watu wakapiga makofi. Mjane akaniletea sahani mwenyewe, wali na nyama, akapiga goti kunipa kama wanavyofanya kule. Ssalongo alikuwa amesimama nje ya hema, anapasua kuni. Alinitazama mara moja tu, akaendelea na shoka lake.

Sikula. Nikainuka na ile sahani nikazunguka nyuma ya nyumba. Aber alikuwa pale peke yake, kajifunga kanga kiunoni, anasugua sufuria kubwa kwa majivu. Nikamwambia yote. Nikaanza na pipa, nikaenda na chafya, gia, gundi, kisu, kichwa cha skrubu kilichokatika. Nilieleza kama ninavyowaeleza nyinyi, pengine vibaya zaidi, kwa sababu nilikuwa nalia. Nikamwambia hakukuwa na upepo wa kutuchelewesha. Upepo ulikuwepo, lakini boti yenye injini nzima ingefika saa tisa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya majivu.

"Najua," akasema. "Baba aliniambia pale kwenye machela. Alisema, usimlaumu Fundi. Mimi ndiye nilimwambia afunge."

Sijui niwaeleze vipi nilivyojisikia. Nikakaa juu ya tofali. Siku nne nilikuwa nimebeba mzigo ule na mzee mwenyewe alikuwa ameshautua, na ameutua kwa mkono wake. Nikasema Mungu amrehemu. Nikasema hata sahani ile sasa ningeweza kuila.

Aber akamwaga maji ya sufuria kwenye mtaro, akaipindua chini ikauke, akajipangusa mikono.

"Lakini anko," akasema, na hakusema kwa hasira, "baba alikuwa askari tu. Injini hakuijua. Fundi ulikuwa wewe."

Nikamjibu ndiyo, nilikuwa mimi. Akachukua sufuria nyingine akaanza kuisugua.